Gari lako la zamani likikwama porini, nani atakuvuta na kwa bei gani?

KWA mkulima au mfanyabiashara mdogo wa Mkoa wa Katavi, gari la zamani si anasa wala si aibu. Ndilo linalotoa mpunga Majimoto, maharage Mwese na dagaa Karema na kuvifikisha sokoni Mpanda. Mengi ya magari hayo yaliingia nchini yakiwa yameshatumika Japan, kisha yakazunguka hapa kwetu miaka kumi, kumi na tano au zaidi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8. Kwetu hakuna marufuku ya namna hiyo. Gari lenye umri mkubwa hutozwa kodi ya uchakavu na kuingia. Ndiyo maana Canter ya miaka ya tisini bado inabeba magunia, na itaendelea kubeba.

Tatizo ni kwamba gari la namna hiyo halina budi kuharibika siku moja, na mara nyingi huharibika likiwa na mzigo, mbali na fundi. Wakati wa kununua, wengi wetu tunauliza bei ya spea na ulaji wa mafuta. Ni wachache wanaouliza: likizima njiani, nani atakuja kulivuta, kwa muda gani na kwa gharama gani?

Swali hilo lilinigusa mwenyewe. Msimu mmoja wa mavuno nilipanda gari la mjomba wangu, Canter yenye magunia 38 ya mpunga, kutoka Majimoto kwenda Mpanda. Tulipita Kibaoni, tukaingia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na kabla ya kufika Sitalike klachi ikakata. Simu haikuwa na mtandao. Tulikaa ndani ya gari saa nne tukiumwa na mbung'o hadi lori moja lilipopita, na dereva wake akakubali kupeleka ujumbe mjini.

Mwenye gari la kuvuta alituma jibu kwamba ni shilingi 300,000. Alipofika kesho yake mchana akasema ni 550,000, kwa sababu gari lina mzigo na yeye hakuambiwa. Mjomba alinitazama akaniuliza, "Mpwa wangu, wewe uliyesoma uchumi, hapa tunafanyaje?" Sikuwa na jibu. Tulilipa. Fedha zile zilikuwa za marejesho ya mkopo, na ili kuziba pengo mjomba aliuza magunia 12 kwa bei ya kutupa siku ileile tuliyofika. Wiki tatu baadaye bei ya mpunga ilipanda.

Makala haya ni jibu ambalo ningempa mjomba siku ile kama ningekuwa nalo.

Bima inalipa nini?

Wapo wanaoamini kwamba stika ya bima ikiwa kwenye kioo, bima italipa gharama za kuvutwa. Hilo si sahihi kwa wengi wetu. Bima ndogo, ambayo ndiyo ya lazima kisheria, inalipa madhara unayomsababishia mtu mwingine. Haikulipi wewe kwa klachi iliyokata.

Bima kubwa nayo ina mipaka. Kwa kawaida inalipa gharama za kuliondoa gari eneo la ajali na kulifikisha kwa fundi wa karibu, na hapo huwekwa kiwango cha juu. Gari likizima kwa sababu ya uchakavu wa kifaa, hiyo si ajali, na mikataba mingi inalitamka hilo wazi. Aidha, kampuni nyingi husita kutoa bima kubwa kwa gari lenye umri mkubwa, au hulitaka likaguliwe kwanza. Kwa hiyo kabla ya kulipia, mwombe wakala akuonyeshe kwa kidole mstari unaosema kuhusu kuvutwa. Kama haupo, huduma hiyo haipo, hata kama wakala anasema ipo.

Nchi za wenzetu hutatua jambo hili kwa vyama vya wenye magari. Uingereza ina AA tangu mwaka 1905, na Ujerumani ina ADAC tangu mwaka 1903, chama chenye wanachama zaidi ya milioni 20. Mwanachama analipa ada ya mwaka, na gari likizima anapiga simu tu. Tanzania nayo ina chama cha wenye magari, AA Tanzania, chenye makao Dar es Salaam. Hata hivyo, kwa mtu wa Katavi swali la kwanza kwa huduma yoyote ya ada ya mwaka ni hili: gari lenu la kuvuta lililo karibu nami liko mji gani? Ukilipa ada kwa huduma ambayo gari lake litatoka umbali wa siku mbili, umenunua namba ya simu tu.

Wanaotuvuta kwa kweli

Huku kwetu wanaotuokoa ni wa aina nne. Wa kwanza ni fundi anayekuja na pikipiki akiwa na spana na kifaa kipya. Huyu ndiye wa bei nafuu kuliko wote, na matatizo mengi ya gari la zamani yako ndani ya uwezo wake: mkanda wa feni, hozi ya rejeta, betri, pampu ya mafuta, tairi. Wa pili ni dereva mwenzako mwenye kamba au chuma cha kuvutia. Wa tatu ni mwenye trekta kijijini, ambaye wakati wa masika, kuanzia Novemba hadi Aprili, ana thamani kuliko winchi yoyote ya mjini gari likinasa kwenye tope. Wa nne ni mwenye gari la bredauni hasa, lenye winchi au la kubebea magari mgongoni.

Kosa kubwa ni kumwita wa nne kwa kazi ya wa kwanza. Kosa la pili, ambalo linaweza kukugharimu giaboksi nzima, ni kumwita wa pili kwa kazi ya wa nne.

Hapa wenye Noah na magari mengine ya gia za otomatiki wasikilize vizuri. Giaboksi ya otomatiki inalainishwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu yanayosukuma gari yakiburuzwa chini, oili haizunguki na giaboksi inaungua ndani. Gari hilo ama liinuliwe magurudumu hayo, ama libebwe mzimamzima. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne muda wote ni lazima libebwe. Lori la gia za mkono linaweza kuvutwa likiwa huru umbali mfupi, lakini kwa umbali mrefu fundi mzoefu hufungua propela shafti kwanza, kwa sababu beringi za giaboksi nazo hazipati oili ya kutosha.

Kumbuka pia kwamba injini ikizimwa, breki na usukani vinakuwa vizito. Ufunguo uachwe umewashwa ili usukani usijifunge, na anayeshika usukani awe dereva hasa, si utingo.

Piga hesabu kabla ya safari

Tuchukue mfano. Namba hizi ni za kuonyesha njia tu, nawe weka za kwako. Gari linaharibika njiani mara mbili kwa mwaka. Mara moja linatengenezwa palepale kwa 60,000. Mara moja linavutwa kwa 500,000. Linakaa bila kazi jumla ya siku nne, na kila siku lingekuingizia faida ya 80,000, yaani umekosa 320,000. Jumla ya hasara ni 880,000 kwa mwaka, kabla hujahesabu mzigo ulioharibika.

Kama matengenezo ya kabla ya msimu, yaani kubadilisha hozi, mkanda, klachi iliyokwisha na betri dhaifu, yanagharimu 400,000 na yanapunguza hasara hiyo kwa nusu, umeokoa 440,000. Faida ni 40,000 tu kwa hesabu ya shilingi, na mtu anaweza kusema haitoshi. Lakini nyanya au dagaa wakilala njiani siku mbili, hesabu inageuka kabisa. Anayebeba mzigo unaooza anahitaji msaada wa haraka, hata ukiwa wa bei ya juu. Anayebeba mahindi makavu wakati wa kiangazi anaweza kungoja msaada wa bei nafuu. Usichague huduma kwa kuangalia gari peke yake, angalia pia unachobeba.

Maswali ya kumuuliza mwenye bredauni

Ongea naye sasa, gari likiwa zima, si siku ukiwa umekwama. Mtu aliyekwama hana nguvu ya kujadili bei, na mwenye gari la kuvuta anajua hivyo. Muulize yafuatayo:

Bei yake ni kwa kilomita au kwa safari? Je, anahesabu kwenda tu, au kwenda na kurudi?

Gari likiwa na mzigo bei ni ipi, na ana uwezo wa kuvuta tani ngapi? Ikibidi kufaulisha mzigo, vibarua ni wa nani?

Anafika wapi? Wapo wasiokubali kuingia njia za udongo wakati wa masika. Wapo wasiotaka kusafiri usiku katika mapori marefu kati ya Inyonga na Sikonge, ingawa barabara ya Mpanda hadi Tabora sasa ni ya lami.

Gari likiharibika zaidi wakati wa kuvutwa, nani analipa? Lake lina bima?

Anakupeleka kwa fundi unayemtaka wewe, au anakulazimisha gereji ya rafiki yake?

Mkikubaliana, andikeni. Ujumbe wa simu wenye bei, mahali na uzito wa mzigo unatosha kuwa ushahidi. Lipa sehemu ya mafuta kwanza, salio mkifika, na dai risiti. Sisi hatukusema kwamba gari lina mzigo, na yeye hakuuliza. Pengo hilo la maneno mawili lilimgharimu mjomba shilingi 250,000.

Mfuko wa pamoja

Kwa wenye magari kumi wanaofahamiana, ipo njia bora zaidi. Kila mmoja anachanga 25,000 kwa mwezi, yaani 300,000 kwa mwaka. Mfuko unapata 3,000,000. Ikiwa kila gari linavutwa mara moja katika miaka miwili, ni safari tano kwa mwaka. Kwa 500,000 kila safari ni 2,500,000. Mwanachama akijilipia asilimia 20 mwenyewe, mfuko unatoa 2,000,000 na kubakiwa na 1,000,000 ya kununua chuma cha kuvutia, jeki kubwa na akiba ya vifaa. Aidha, kikundi chenye magari kumi kinaweza kukubaliana na mwenye bredauni bei maalumu ambayo mtu mmoja hawezi kuipata.

Hata hivyo, mfuko wa namna hii una maradhi mawili. Kwanza, mwenye gari bovu kuliko yote ndiye atakayekuwa wa kwanza kujiunga. Pili, aliyejiunga anaweza kuacha kulitunza gari kwa kuwa kuvutwa kumelipiwa. Dawa yake ni fundi wa kikundi kukagua kila gari kabla ya kupokelewa, mwanachama mpya kungoja miezi mitatu, na mtu kutovutwa kwa fedha za mfuko zaidi ya mara mbili kwa mwaka. Ile asilimia 20 inayotoka mfukoni mwake nayo itamkumbusha kubadilisha oili. Mfuko ubaki wa kusaidiana wanachama tu. Kuuza bima kwa watu wengine bila leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ni kosa.

Ukiwa umekwama

Weka pembetatu za kuakisi mwanga mbele na nyuma. Matawi ya miti hayaonekani usiku, na mawe yanayoachwa barabarani baada ya gari kuondoka yameshaua watu wasio na hatia. Ndani ya hifadhi usishuke kutembea kutafuta mtandao, kwani nyati, tembo na simba wapo. Tuma ujumbe kwa gari linalopita ufikishwe kwa askari wa hifadhi Sitalike, yaliko makao yake. Namba za simu ziandikwe kwenye karatasi, maana betri ya simu nayo huisha. Kwa dharura ya polisi piga 112.

Mjomba bado ana Canter ileile. Kwenye kava la kadi ya gari amechomeka karatasi yenye majina ya mafundi wawili, mwenye trekta wa Kibaoni na mwenye bredauni mmoja wa Mpanda, kila jina likiwa na bei iliyokubaliwa tangu kabla ya masika. Chini ya kiti kuna klachi pleti iliyofungwa kwenye gazeti. Msimu uliopita alikwama mara moja. Fundi alikuja na pikipiki, kazi ikaisha kabla ya jua kuzama, na mpunga wote ukaingia ghalani kungoja bei.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.