Daudi Kabaka Baina ya Ngoma ya Jadi na Rokenroli

Utangulizi

Katika masomo ya fasihi simulizi tumezoea kuzigawa nyimbo katika makundi mawili: za jadi, zinazohifadhiwa na jamii, na za kisasa, zinazouzwa kwa santuri. Mgawanyo huu humrahisishia mwalimu kazi, lakini huwaacha nje watunzi waliosimama katikati. Makala haya yanamwangazia mmoja wao, Daudi Kabaka (1939–2001), aliyejulikana nchini Kenya kama mfalme wa twisti. Tunashikilia kwamba Kabaka alibadilisha ala na mdundo, ilhali misingi ya utunzi wake ilibaki ile ya fasihi simulizi.

Usuli

Kabla ya twisti, wapigaji gitaa kavu wa Magharibi mwa Kenya walikuwa wamekwisha kuhamishia kwenye gitaa mbinu za kudona nyuzi za ala za jadi kama litungu, huku mwenzao akigonga chupa ya soda kutunza mdundo. Bingwa wa mtindo huo, uitwao omutibo, alikuwa George Mukabi, aliyefariki mwaka wa 1963. Mojawapo ya nyimbo zake za Kiswahili, "Mtoto si Nguo", ina kichwa chenye umbo kamili la methali.

Mnamo 1960, Chubby Checker aliieneza twisti kutoka Marekani, nayo ikafika Nairobi. Katika studio ya Equator ya Charles Worrod, Kabaka alifanya kazi na Fadhili William pamoja na Nashil Pichen na Peter Tsotsi kutoka Zambia. Gitaa za umeme zilishika nafasi ya gitaa kavu. Hata hivyo, mdundo waliouunda haukuwa nakala ya ule wa Marekani, kwani ulichanganya pia kwela ya Afrika Kusini na ngoma za Waluhya. Kabaka mwenyewe aliutangaza mchanganyiko huo kwa kuuita wimbo wake "African Twist".

Jadi ndani ya twisti

Mfano bora ni "Harambee Harambee". Asili ya neno hili ni hodiya: ni mwito wa watu wanaovuta au kuinua kitu kizito kwa pamoja. Jomo Kenyatta aliufanya kuwa wito wa taifa wakati wa uhuru mwaka wa 1963. Kabaka naye akaufanya kiitikio cha wimbo uliozoeleka redioni. Mwito ule ule, basi, ulipita kazini, jukwaani na studioni bila kupoteza dhima yake ya kuwaunganisha watu. "Msichana wa Elimu", kwa upande wake, unaendeleza mada kongwe ya uchumba, ila sifa inayotajwa tayari kichwani ni ya jamii mpya yenye shule.

Aidha, tuzingatie safari ya "Helule Helule". Mwaka wa 1968 kundi la Uingereza la The Tremeloes liliurekodi upya, ukafika nafasi ya 14 katika chati za huko. Beti zao zilikuwa za Kiingereza. Mdundo na mwito wa kiitikio vilivuka bahari. Utungo wa Kiswahili ulibaki nyumbani. Ni nani basi atakayeuchunguza utungo huo ikiwa si sisi?

Pingamizi

Wapo wanaodai kwamba Kiswahili cha nyimbo hizi ni cha bara, kisichozingatia usanifu, na kwamba lengo lake lilikuwa burudani tu. Hoja hizi hazina mashiko. Fasihi simulizi haijawahi kumdai fanani cheti cha sarufi, wala burudani haijawahi kuondoa mafunzo katika ngano. Zaidi ya hayo, Kiswahili hicho ndicho kilichowawezesha Mluhya na Mzambia kutumbuiza pamoja jijini Nairobi.

Hitimisho

Kabaka hakuihama jadi ili aingie katika rokenroli; aliipa jadi vazi la wakati wake. Mtaala unaomtenga unatufundisha kwamba fasihi simulizi ilikoma gitaa lilipounganishwa na umeme. Nyingi za nyimbo hizi zilitolewa kwa santuri ndogo ambazo huchakaa kila zinapochezwa, na wengi wa waliozicheza wamekwisha kututoka. Kuzinukuu na kuzihakiki ni wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili wa sasa, kwani asiyehifadhi leo, kesho hatakuwa na cha kuhakiki.