Fito Kuukuu za Mwanzi: Soko Linalolipia Mkono wa Fundi

Nchini Marekani na Uingereza, fito kuukuu za mwanzi, zilizoundwa kwa ajili ya kuvulia trauti kwa nzi bandia, yaani ndoana iliyovishwa nyuzi na manyoya ikafanana na mdudu, bado zina soko la pekee, ingawa viwanda vikubwa vya zana za uvuvi vimehamia kwenye malighafi nyingine.

Gharama ya ufito huanzia katika malighafi na muda. Mwanzi unaopendelewa, ujulikanao kibiashara kama mwanzi wa Tonkin, hutoka mkoa wa Guangdong, kusini mwa China, na husifiwa kwa nyuzi ngumu zilizosongamana karibu na ganda. Fundi huupasua, huchonga kwa randa vipande sita vya pande tatu akipima unene kwa sehemu za elfu za inchi, kisha huvigandisha kwa gundi viwe ufito mmoja wa pembe sita ambao ganda lote limebaki nje. Kazi hiyo hula makumi ya saa.

Muunda fito Hiram Leonard, aliyeanzia Bangor, jimbo la Maine, aliingiza mashine ya kukatia vipande hivyo katika karne ya 19, na uzalishaji ukapanuka. Baada ya Vita Kuu ya Pili, faibaglasi ya bei nafuu iliteka wanunuzi, huku marufuku ya Marekani dhidi ya biashara na China, iliyoanza mwaka 1950 na kudumu kwa takriban miongo miwili, ikikata mianzi mipya, hata wakaendelea hasa wale waliokuwa na akiba ghalani.

Leo bei hufuata jina na hali. Ufito wa Everett Garrison, aliyeunda mamia machache tu maishani mwake, hugombaniwa mnadani, ilhali fito za viwanda kama South Bend, zilizotolewa kwa wingi, hupatikana kwa bei ya chini. Aidha, ncha iliyovunjika na kufupishwa kwa inchi chache, au varnishi iliyopakwa upya, hushusha thamani mara moja. Mwongozo wa Garrison wa kuunda fito, uliokamilishwa na Hoagy B. Carmichael na kuchapishwa mwaka 1977, uliwapa mafundi wapya njia ya kujifunza, na fito zinazoendelea kutumika kuvulia huwapa kazi ya ukarabati.

Hali ni tofauti sana kwa mafundi wa Kenya, wanaofunga kwa mkono nzi bandia wauzwao Ulaya na Marekani bila majina yao kujulikana. Ustadi wao ni wa kweli vilevile, na soko linalothamini saini ya muunda ufito lina kila sababu ya kuwatambua na kuwalipa kwa haki.