Deni na Jela: Asiye na Wakili Pia Ana Haki ya Kusikizwa

Barua yenye mhuri wa mahakama ikifika nyumbani, wengi huificha. Wengine hukimbilia kwa chifu au ofisi ya wadi wakiomba isimamishwe. Chifu hana uwezo huo, na serikali ya kaunti pia haina. Mwenye kuamua ni hakimu.

Chukua mfano wa muuza mitumba aliyeshtakiwa kwa mkopo wa shilingi 80,000. Ameshindwa kesi, na sasa aliyemkopesha anataka afungwe. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai hakiruhusu mtu afungwe kwa sababu tu hana pesa. Ni lazima kwanza apewe nafasi ya kueleza kwa nini asifungwe. Mahakama nayo ni lazima iridhike, kwa mfano, kwamba ana uwezo wa kulipa lakini anakataa, ameficha mali au anataka kutoroka.

Kutokuwa na wakili hakumwondolei haki hiyo. Ibara ya 50 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kusikizwa bila upendeleo, na Ibara ya 25 inakataza haki hiyo kupunguzwa.

Lakini haki hii humfaa aliyefika. Mdaiwa asipofika siku iliyoandikwa kwenye notisi, hati ya kumkamata inaweza kutolewa, na hapo ndipo wengi hukwama. Mgonjwa amtume mtu na barua ya hospitali kwenye sajili ya mahakama kabla ya siku hiyo.

Anayefika abebe risiti za alicholipa, taarifa ya M-Pesa, na ushahidi wa kodi ya nyumba na karo. Aseme wazi anaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi, kiasi atakachokimudu kweli, kwa maana hakimu anaweza kukubali malipo ya awamu. Kama hakuwahi kupata karatasi za kesi, hilo aliseme mwanzoni kabisa. Katika mahakama za mahakimu anaweza kujieleza kwa Kiswahili.

Kifungo cha deni hakizidi miezi sita, wala hakifuti deni lenyewe.

Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kuomba usaidizi kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Aende na notisi yenyewe, na aende mapema, si asubuhi ya kesi.