Uchovu usioonekana kwenye maabara

JUMATATU moja mwanamume mmoja aliingia katika chumba changu akiwa na ombi ambalo sisi madaktari wa Nairobi tumelizoea: "Daktari, nipime malaria na taifodi." Hakuwa na joto mwilini, tumbo lake lilikuwa sawa, wala hakuwa ametoka safari ya Kisumu au Mombasa. Alikuwa amechoka tu. Nilipotazama kadi yake niliona kwamba hiyo ilikuwa mara ya nne katika mwaka mmoja. Mara mbili alikuwa amekunywa dawa za taifodi alizopewa kwingine baada ya kupimwa Widal, kipimo cha damu ambacho huweza kuonyesha taifodi kwa mtu asiyeugua ugonjwa huo.

Nilimwomba anieleze siku yake. Huamka saa kumi na moja alfajiri, hupanda matatu Umoja, hukagua fomu za bima mpaka jioni, hurudi nyumbani, hula mbele ya runinga na kulala pale pale kitini. "Na jana?" nikamuuliza. "Vivyo hivyo." "Na mwaka jana?" Akanyamaza.

Mpenzi msomaji, nimebadilisha mambo machache ili mtu huyu asitambulike, lakini yawezekana umejiona wewe mwenyewe. Waswahili husema mazoea yana taabu. Hata hivyo, mazoea peke yake si ugonjwa. Ubongo huyapenda kwa sababu huupunguzia kazi, na ndiyo maana unaweza kutoka ofisini ukafika mlangoni pako usikumbuke ulipitia wapi. Taabu huanza pale maisha yote yanapoendeshwa hivyo. Mtu akichoka, huacha kwanza yale yaliyokuwa yakimfurahisha, maana hayana mshahara wala msimamizi wa kumuuliza: kwaya, mpira, kumtembelea dada yake Machakos. Akisha kuyaacha hubaki na kazi tupu, naye huchoka zaidi. Kisha mwili huanza kulalamika. Kichwa huuma, mgongo hukaza, usingizi hauburudishi. Ndipo huja kwetu kuomba vipimo.

Kosa langu

Hapa sharti nikiri jambo. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa miaka arobaini na kitu aliniambia kwamba amechoka, amenenepa na hana hamu ya lolote. Foleni nje ilikuwa ndefu. Nilimshauri abadilishe mwenendo, atembee na apumzike. Alirudi baada ya miezi mitatu akiwa amevaa sweta mbili katika jua la Februari, sauti yake imekuwa nzito, na hapo ndipo nilipompima tezi ya shingoni. Ilikuwa imelegea. Alichohitaji ni kidonge kimoja kila siku. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hivyo usijiite mvivu, wala usikubali daktari mwenye haraka akuite hivyo, kabla ya kupimwa yale yanayopimika: wingi wa damu, sukari, presha, na tezi hiyo. Tena, ikiwa karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili au zaidi umekuwa na huzuni, au umepoteza hamu ya karibu kila kitu, huku usingizi na chakula vimevurugika, huenda hayo ni maradhi ya unyogovu. Yanatibika. Na ukijikuta unawaza kujiua, usingoje miadi. Mwambie mtu aliye karibu nawe, mwende hospitalini siku hiyo hiyo.

Anza kabla ya hamu

Yule mtu wa bima vipimo vyake vilikuwa safi, na dalili za unyogovu hakuwa nazo. Nilimwambia kwamba nadhani amekwama. Alienda nyumbani akafanya wafanyavyo wengi: akaandika mpango mkubwa. Ataamka saa kumi akimbie, atajifunza Kifaransa, ataacha nyama, na atafuga kuku. Mpango huo uliishi siku tisa. Alirudi na aibu, nami sikushangaa, kwani mipango ya namna hiyo hudai nguvu ambazo mtu aliyechoka hana. (Mimi mwenyewe nina viatu vya kukimbilia ambavyo bado vinang'aa.)

Kosa lingine ni kungoja hamu ije ndipo uanze. Mara nyingi hamu huja nyuma ya kitendo. Iko tiba ya unyogovu ambayo mgonjwa na mshauri wake hupanga shughuli kwa siku na saa, naye huzifanya hata kama moyo hautaki. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa watu wazima 440 na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2016 ulionyesha kwamba tiba hiyo haikupitwa na ile ya mazungumzo inayohitaji wataalamu wa gharama kubwa zaidi. Ikiwa huwafaa wagonjwa, sioni kwa nini isimfae mtu aliyekwama tu.

Sikumwambia aache kazi. Ana watoto wanne, na karo haingoji. Nilimuuliza alichokuwa akikipenda zamani, akafikiri kwa muda mrefu, kisha akasema alikuwa akipiga gitaa kanisani. Lilikuwa juu ya kabati, limepungukiwa nyuzi mbili. Tukakubaliana: akisha kula, kabla runinga haijawashwa, dakika kumi za gitaa. Basi. Kununua nyuzi hizo mbili kulimchukua wiki tatu, ingawa duka liko karibu na kituo cha matatu anachopita kila siku. Hapo nikafahamu jinsi alivyokuwa amezama.

Kulifunga jambo jipya kwenye jambo ambalo tayari unalifanya, kama kula, husaidia. Watafiti wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya kwa njia hiyo, na mwaka 2009 wakatoa matokeo: kwa kawaida ilichukua kama siku 66 tabia kushika, lakini wepesi walihitaji siku 18 tu na wazito walikadiriwa kuhitaji 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Hili la mwisho nawaambia wagonjwa mara mbili mbili, kwa kuwa wengi huacha kabisa siku wanapokosa mara moja.

Jitayarishe pia kwa watu wa nyumbani. Wamekuzoea ulivyo. Mke wa mgonjwa wangu alilalamikia kelele mwezi mzima, na watoto wakubwa walitaka runinga yao. Kitinda mimba, kwa upande wake, alianza kukaa sakafuni karibu na baba yake kila usiku akishika mdundo kwa kijiko.

Alikuja tena Agosti. Mara hii hakutaja taifodi. Alikuwa na kikohozi cha siku tatu. Nilipokuwa nikimsikiliza kifua aliniuliza kama angemaliza kabla ya saa kumi na moja, kwa sababu kulikuwa na mazoezi kanisani na yeye ndiye aliyebeba nyaya za spika.