Hoteli inaposema inawajali wafanyakazi, hesabu zake zinasemaje?

Mwanao amepata kazi katika hoteli ya Diani au Maasai Mara. Kila mwisho wa mwezi anatuma pesa nyumbani kwa simu. Lakini siku akienda likizo, akiachishwa kazi au akistaafu, mwajiri ana deni gani kwake? Sehemu ya jibu imo katika hesabu za mwaka za hoteli.

Hesabu hizo zinapatikana wapi?

Si kila hoteli hutangaza hesabu zake. Ila kampuni iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi lazima izichapishe. Mfano ni TPS Eastern Africa, kampuni ya hoteli za Serena. Ripoti yake ya mwaka iko kwenye mtandao, na yeyote mwenye simu anaweza kuifungua. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo huenda ukahitaji kijana wa sekondari akusaidie kuisoma.

Kurasa za mbele na kurasa za nyuma

Kurasa za mbele za ripoti kama hizi huwa na maneno na picha: mafunzo, afya, usawa wa wanawake na wanaume, vijana wa vijiji jirani walioajiriwa. Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 inazitaka kampuni zilizoorodheshwa zieleze pia habari za wafanyakazi na jamii.

Nyuma kuna taarifa za fedha, ambazo hukaguliwa na mkaguzi kutoka nje ya kampuni. Hapo ndipo maneno ya mbele yanapopimwa. Tafuta maelezo ya gharama za wafanyakazi, kisha angalia mambo matatu.

Kwanza, mchango wa NSSF. Kwa Sheria ya mwaka 2013, mfanyakazi hukatwa asilimia 6 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 6 yake, hadi kiwango cha juu kilichowekwa. Sehemu ya mwajiri huandikwa kama gharama ya hoteli.

Pili, likizo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku 21 za kazi kwa mwaka, akilipwa. Tuseme mtu ana siku 10 ambazo hajazichukua na analipwa shilingi 1,000 kwa siku. Hoteli ina deni la shilingi 10,000 kwake. Wakiwa 200 kama yeye, deni ni shilingi milioni 2, na lazima liandikwe mwaka unapofungwa.

Tatu, kiinua mgongo. Pale ambapo hoteli imekubaliana na chama cha wafanyakazi, kama vile KUDHEIHA, kulipa fedha hizo, haingoji mtu astaafu ndipo iziandike. Huongeza deni hilo mwaka hadi mwaka, kadiri anavyoendelea kufanya kazi.

Hesabu hazionyeshi kila kitu

Jumla ya mishahara huchanganya meneja na mfua nguo. Ukiigawa kwa idadi ya wafanyakazi, hutajua mhudumu wa mezani anapata ngapi. Walinzi au wasafishaji walioletwa na kampuni nyingine wanaweza kuhesabiwa kama gharama ya huduma, wasionekane kabisa miongoni mwa wafanyakazi. Tena, gharama za wafanyakazi zikishuka, usidhani mara moja kwamba uongozi umefanya vizuri. Mwaka 2020, wakati wa korona, wafanyakazi wengi wa hoteli walirudishwa nyumbani bila malipo.

Mwanao afanye nini?

Kama hoteli yake haichapishi hesabu, bado ana njia ya kujua haki yake. Atunze hati ya mshahara ya kila mwezi. Aombe NSSF taarifa ya michango yake, ailinganishe na makato yaliyo kwenye hati hizo. Kama anakatwa lakini mchango haufiki, ana ushahidi wa kupeleka NSSF, kwa chama chake au kwa afisa wa kazi.

Na kama ni kibarua, ahesabu siku zake. Sheria hiyo ya Ajira inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja hapaswi tena kuchukuliwa kama kibarua wa siku. Ana haki ya kutoachishwa kazi bila notisi.