Mzee Jengua na uzito wa nafasi ndogo

Mwigizaji Mohamed Fungafunga alipofariki Desemba 2020, Watanzania walimlilia Mzee Jengua. Jina lake halisi wengi walilisikia kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alitoka Kaole, kundi la michezo ya kuigiza ya ITV lililowalea pia Steven Kanumba na Vincent Kigosi, yaani Ray. Vijana hao walipohamia kwenye filamu wakawa mastaa. Jengua alihama nao, lakini akabaki baba mkali wa nyumba ya mtu mwingine. Nasema nafasi hiyo ya pembeni ndiyo iliyoziwezesha filamu zetu kusimama, na sababu imo katika namna zilivyotengenezwa.

Baada ya filamu ya Girlfriend ya 2003 kufungua soko, kazi nyingi zilipigwa kwa siku chache katika nyumba za watu, Sinza, Kinondoni au Tabata. Mara nyingi kilichoandikwa ni mpangilio wa matukio tu, na maneno waigizaji wakajitungia palepale mbele ya kamera. Muda wa kumjenga mhusika haukuwepo. Alihitajika mtu ambaye akitokea tu mlangoni, mtazamaji aliyeketi kwenye kibanda umiza cha kuoneshea video huko Mbagala anajua binti wa nyumba hii ana kesi ya kujibu. Jengua aliingia na mhusika wake kamili. Tena mzozo ukianza, yeye ndiye aliyeuliza swali lililompa staa cha kujibu, kazi inayotaka sikio jepesi kuliko sura nzuri.

Wapo wanaosema kuigiza mtu yuleyule miaka nenda rudi si kipaji, ni mazoea. Hollywood ya zamani haikuona hivyo. Walter Brennan, aliyecheza vizee tangu akiwa na miaka ya arobaini, alipewa Oscar ya mwigizaji msaidizi mara tatu, kwa filamu za 1936, 1938 na 1940. Kazi hiyo inataka kipaji kwa sababu mhusika anayejulikana humbana mwigizaji: mshangao wowote lazima autoe ndani ya mipaka ambayo mtazamaji ameshaizoea. (Mastaa wetu nao walijirudia, ila kwao tuliita staili.)

Pingamizi zito zaidi ni la biashara. Mnunuzi wa Kariakoo alichagua DVD kwa kutazama sura ya Kanumba kwenye kava, hilo halina ubishi. Lakini kava huuza kabla filamu haijatazamwa. Kinachomrudisha mtu dukani kutafuta nyingine ni kuiamini nyumba aliyooneshwa, na nyumba ya Kiswahili bila mzee haiaminiki. Malipo hayakufuata mantiki hiyo. Msambazaji aliinunua filamu kwa mkupuo, na mwigizaji wa pembeni akaondoka na posho yake, biashara ikaishia hapo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mwigizaji, lakini bila mkataba unaotaja mauzo ya baadaye hana pa kushika. Waigizaji wa Marekani waligoma mwaka 1960 kwa suala hilohilo, filamu zao zilipokuwa zikiuzwa kwa televisheni. Malipo ya filamu za kabla ya mwaka huo waliyakosa, ila walipata mchango wa kuanzisha mfuko wa pensheni na matibabu, ambao wazee wa nafasi ndogo waliuhitaji kuliko mastaa.