Kichujio cha Shule Hakisikii Mazungumzo

Shule ikishaunganishwa na intaneti, wazazi huuliza kwanza kama picha za ngono zimezuiwa. Wana haki ya kuuliza, na kiufundi kazi yenyewe si ngumu. Mwanafunzi anapoandika anwani ya tovuti, kompyuta huuliza seva ya DNS, ambayo hubadili jina hilo kuwa namba. Kichujio cha kawaida hukaa hapo hapo. Jina likiwa kwenye orodha ya tovuti za ngono, seva hujibu 0.0.0.0, namba isiyofika popote, na ukurasa haufunguki. Cloudflare imekuwa ikitoa huduma hiyo bure tangu 2020: mwalimu wa TEHAMA anaingia kwenye ruta, anaandika 1.1.1.3 na 1.0.0.3 kwenye nafasi ya DNS, anahifadhi, basi.

Kazi haiishii hapo. Vivinjari vya siku hizi vinaweza kupeleka swali la DNS kwa seva nyingine kwa njia ya siri, na ruta isijue lolote. VPN nayo, programu inayopitisha mawasiliano yote kwa njia ya siri, huruka kichujio chote. Ndiyo maana kompyuta za maabara zinahitaji akaunti ya mwanafunzi isiyoruhusu kusakinisha programu wala kubadili mipangilio.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo mimi naliona baya vilevile, nalo ni kuziba kupita kiasi. Vichujio vinavyokagua maneno vikikutana na neno matiti havijui kama ukurasa unaeleza saratani. Binti anayesoma mfumo wa uzazi kwa ajili ya mtihani anazuiwa kama mkosaji. Mwalimu awe na uwezo wa kufungua tovuti ya namna hiyo siku hiyo hiyo.

Lakini hatari inayoniumiza roho zaidi haina tovuti ya kuzuia. Mtu mzima anajifanya kijana wa miaka 16. Anaanza kwa kusifu picha ya binti, anaomba namba, anahamishia mazungumzo WhatsApp, anamsihi asimwambie mtu. Kisha anaomba picha ya faragha, na akiipata anatishia kuisambaza asipotumiwa nyingine, au pesa. Hatua zote hizo hupita kwenye programu halali, ujumbe ukiwa umefungwa kwa siri, na mara nyingi ni usiku nyumbani, kwa simu ya mama na bando la mama. Hata shuleni, kichujio cha DNS huona jina la huduma tu. Kilichoandikwa ndani hakikioni.

Marekani ilipitisha mwaka 2000 sheria inayozitaka shule zinazopata punguzo la gharama za intaneti ziweke vichujio. Mwaka 2008 Bunge lake likaongeza sharti jingine: shule hizo ziwafundishe wanafunzi mwenendo mwema mtandaoni, ikiwemo kwenye mitandao ya kijamii, na namna ya kukabili uonevu huko. Shule zetu hazina sababu ya kusubiri miaka minane kati ya hatua hizo mbili.

Kipindi kimoja kwa muhula kinatosha kuanzia. Mwanafunzi afundishwe kwamba akitishiwa asilipe, asitume picha nyingine, asifute ujumbe. Apige picha ya skrini yenye jina na namba ya anayemtisha, amzuie, kisha amwambie mtu mzima anayemwamini. Akiogopa kusema nyumbani, namba 116 hupigwa bure, Tanzania na Kenya. Ibandikwe kwenye ukuta wa maabara, na bwenini pia.